Injini ya Papa Tshimanga

Jumatatu ile, saa mbili za asubuhi, fundi Georges alifungua kufuli la karakana yake kule Kikula, mtaa wa Likasi, akasukuma lango, akaingia hatua chache, kisha akasimama kama mtu aliyesahau alichokuja kutafuta. Nyuma yake walikuwa Hadassa, muuza vitambaa wa sokoni, na kaka yake Jean-Claude, aliyetoka Lubumbashi kwa ajili ya jambo hilo hilo. Alfa Romeo nyekundu ya marehemu baba yao ilikuwapo, boneti juu, tumbo tupu. Injini mpya ya Toyota iliyotoka Dubai ilikuwapo ndani ya sanduku lake la mbao. Lakini juu ya magogo mawili karibu na ukuta, pale injini ya zamani ilipolazwa tangu Ijumaa, hapakuwa na kitu.

"Iko wapi?" Hadassa aliuliza.

Georges aligeukia mwanga wa lango. Alikuwa akilitazama kufuli mkononi mwake. Lilikuwa zima kabisa.

Saa nne Inspekta Kabamba wa polisi ya upelelezi alifika kwa miguu, maana pikipiki ya ofisi ilikuwa na maradhi yake ya kila mwezi. Alipoiona gari alisahau kusalimia. Hakuna mtoto aliyekulia Likasi miaka ile asiyeijua Alfa ya Papa Tshimanga. Mzee alikuwa fundi mkuu wa kiwandani. Aliinunua kwa Mwitaliano mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Likasi ya wakati huo, tuseme ukweli, ilikuwa mji: barabara za lami, king'ora cha kiwanda, jakaranda zimemwaga maua hadi mlangoni. Kabamba alikuwa kitoto cha miaka tisa, ametumwa mkate, naye aliisikia gari kabla ya kuiona. Tshimanga alipopanda mlima hakubadilisha gia mapema kama watu wengine. Aliivuta, akaivuta, injini ikalia, watoto kando ya njia wakalia nayo, na pale kila mtu alipodhani sasa itapasuka, ndipo aliposhusha mkono wa gia. Siku hiyo Kabamba alifika nyumbani na nusu ya mkate, na kofi alilopata hakulihisi.

Alijikohoza, akaanza kazi.

"Nani aliona moteur mara ya mwisho?"

"Miye," Georges alisema. Alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, mikono mieusi hadi kwenye viwiko. "Juzi, samedi, saa kumi na moja. Culasse, kichwa yake, iko pembeni, bloc, mwili yake, iko pale. Nikafunga, nikaenda."

"Kwa hiyo ilikuwa vipande viwili."

"Viwili, ndiyo. Nilikuwa nimeifungua."

"Jana?"

"Jana ni siku ya Mungu. Niliingia misa, nikarudi ku nyumba kulala. Bibi yangu alikuwa ku chorale, anaimba. Hakuna mwenye aliniona."

"Na clé?"

Georges alivuta kamba shingoni mwake. Ufunguo ulikuwa wa shaba, mzito, wa kufuli la zamani lililofanana nao. "Hii cadenas Papa Tshimanga mwenyewe njo aliiweka. Hii parcelle ya garage tulianza naye."

Kabamba aliinama kwenye yale magogo. Aliona alama za mafuta, jambo la kawaida. Juu ya mafuta kulikuwa na vumbi jeusi, na katika vumbi hilo vipande vidogo vikavu. Alikiponda kimoja kwa vidole, kikawa unga.

"Papa Georges, munapika humu?"

"Humu, na essence yote hii? Tutawaka moto! Miye sina wazimu."

Inspekta alijifuta vidole, akawageukia wenye gari. "Vendredi, siku moteur inatoka mu gari, mulibishana. Bajirani wote walisikia. Juu ya nini?"

Hadassa alitangulia. "Juu ya moteur tu, Inspecteur. Ile ya zamani imechoka, inakunywa mafuta. Pistons zake zinatoka Italie. Utangojea mpaka mvua ingine. Nikasema tuweke Toyota. Pièces ziko kila kona ya marché. Unawasha, inaenda. Ile ya zamani muzungu mumoja wa Lubumbashi anaitaka kwa collection yake."

"Na ili Toyota iingie," Jean-Claude alidakia, "wanakata supports za moteur, wanasogeza radiateur, wanabadilisha boîte ya gia. Kisha breki, juu moteur itakuwa na nguvu kupita gari. Ukimaliza, Alfa inabakia jina tu. Gari ya papa haitakuwa gari ya papa."

"Weye uko Lubumbashi, yaya! Nani atashinda barabarani na gari imekufa, ni weye ao ni miye?" Hadassa alimkatiza kaka yake.

Kabamba alimtazama Georges. "Na weye ulisema nini?"

"Nilitoa shauri ya katikati. Bloc ibakie, tuweke allumage ya électronique, umeme ya kuwasha, na breki za nguvu, basi. Hakuna mwenye alinisikia." Aliifuta mikono kwenye suruali. "Kisha nikasema neno mubaya. Nikasema, kama hii moteur inatoka Likasi, munizike miye kwanza."

Hadassa alinyoosha kidole. "Unasikia? Cadenas haikuvunjika. Clé ni moja, na iko mu shingo yake. Miye naweka plainte, Inspecteur. Siogopi."

Kabamba hakupenda, lakini mashtaka ni mashtaka. Saa saba Georges alikuwa mahabusu, ametoa mkanda, ametoa kamba za viatu kama sheria inavyotaka, amekaa sakafuni akiishika suruali isimwanguke. Fundi akiitwa mwizi Kikula, hata akiachiliwa kesho, hakuna atakayemwachia gari tena. Kabamba alilijua hilo, na Georges alilijua zaidi. Mkuu wa kituo naye alisema wazi: Ijumaa anapelekwa kwa mwendesha mashtaka, na huko si mahali pa kutoka upesi.

Jambo moja Hadassa alilisisitiza, akimshika inspekta mkono kabisa: "Mama asijue. Iko na tension, damu yake inapanda. Akisikia moteur ya papa imeibwa, na Georges yuko mu cachot, tutamuzika."

Kabamba alikubali bila kufikiri. Kwetu habari mbaya haiingii kwa mzee kwa mlango wa mbele. Inazungushwa nyuma ya nyumba wiki nzima mpaka ichoke. Yeye mwenyewe alimficha mama yake kifo cha mjomba kwa miezi miwili, na alisifiwa kwa hilo.

Alasiri alikwenda nyumbani kwao kuchukua maelezo ya Jean-Claude. Mama Clotilde, mjane wa Tshimanga, alikuwa kwenye baraza, mwembamba, amenyooka, karibu miaka themanini, akichambua sombe, majani ya muhogo. Kwenye pembe ya kitenge chake alikuwa amefunga funguo zake, kama mama wote wa umri wake. Waendesha baiskeli wawili walikuwa wakimshushia gunia la makala, makaa ya kupikia, mlangoni. Walimpigia magoti kidogo, wakaondoka bila kudai chochote.

"Bale wanamujua tangu zamani," Jean-Claude alieleza kwa sauti ya chini. "Kampuni iliacha kulipa, papa akauza hata montre yake ya mukono, lakini Alfa hapana. Mama njo aliingia mu biashara ya makala. Makala ya mama njo ilitusomesha shiye wawili."

Mama Clotilde aliinua macho. "Umekuya juu ya nini, papa?"

"Kusalimia tu, Mama," Kabamba alisema.

"Kusalimia tu?"

"Ndiyo, Mama."

Alimtazama kwa muda, kama mtu anayengoja sentensi imalizike. Kisha akarudi kwenye sombe yake.

Jean-Claude hakuwa na la kuficha. Jumapili alishinda uwanjani akitazama mpira, akagombana na mwamuzi mbele ya nusu ya mji, na nusu hiyo ilimkumbuka vizuri. Hadassa alikuwa kwenye ibada ya kanisa lake, ile inayoanza jua likichomoza na kwisha watu wakiwa na njaa ya Waisraeli.

Usiku ule Kabamba alilala vibaya. Mwizi wa kawaida angebeba Toyota, maana ina soko. Huyu aliiacha mpya akachukua kuukuu iliyofunguliwa. Basi ama aliipenda, kama Georges, ama hakutaka injini kabisa. Alitaka chuma chake. Hapo inspekta akaketi kitandani. Bloku ya Toyota ile ilikuwa ya chuma kizito. Ya Alfa ilikuwa alumini tupu.

Na Kikula, anayenunua alumini ni Cyrille.

Cyrille alikuwa na tanuru ya udongo nyuma ya soko, akiyeyusha pistoni, rimu na makopo, akitoa masufuria ambayo nusu ya mji inapikia bukari, yaani ugali. Kabamba alimvamia Jumanne asubuhi. Kama injini ilifika hapa Jumapili, leo ingekuwa inauzwa sokoni ikiwa na mifuniko. Alichakura rundo la vyuma kwa mikono yake mwenyewe hadi shati likabadilika rangi. Hakuona hata bolti ya Alfa.

"Inspecteur, unatafuta nini mu vyuma yangu?" Cyrille alifoka. "Moteur ya Tshimanga? Kikula yote inajua iliibwa. Lakini miye dimanche sikuyeyusha hata kijiko! Shika fourneau, iko baridi."

Kabamba alishika. Ilikuwa baridi, na buibui mmoja alikuwa ameshaanza kujenga.

"Juu ya nini hukufanya kazi?"

"Makala! Iliniishia samedi. Dimanche ya asubuhi naona bantu bawili wa makala wanapita hapa na vélo, magunia imejaa, wanasukuma mpaka shingo inatoka mishipa. Nawaita: ndugu, niuzishieni! Wanasema hapana, iko ya muntu. Napandisha bei. Hapana! Hawakusimama hata. Tangu lini muntu wa makala anakataa franga? Nikawatukana mpaka wakapotea kule ku njia ya Mwadingusha. Tangu ile siku niko nakaa tu."

Kabamba aliomba radhi kwa fujo, akaondoka. Alikuwa ameshapewa jibu na hakuliona. Mtu akitafuta sindano, hata ng'ombe humpita.

Jumatano alimtembelea Georges mahabusu na mkate na soda. Fundi alimega mkate nusu, akampa jirani yake.

"Papa Georges, nisaidie nikusaidie. Cadenas inauzwa na clé ngapi?"

"Mbili. Ya pili ilikuwa kwa Papa Tshimanga. Alikufa nayo, sijaiona tena."

"Na mwizi angefanya nini na moteur iliyofunguliwa? Nani anaweza kuifunga?"

Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, Georges alitabasamu. "Hakuna. Ile ukikosea chaîne, munyororo yake, kidogo tu, inakula soupapes, vali zake zote. Bantu wawili tu walikuwaka wanaijua: miye na Carlos. Mzee Carlos, ule métis, chotara, wa atelier ya barrage, ile bwawa ya umeme, kule Mwadingusha. Alinitangulia kwa Papa Tshimanga. Sijui kama angali hai."

Kabamba alitoka nje, akasimama ukingoni mwa barabara ya kwenda Mwadingusha, mkono mfukoni, akiyarudia maneno hayo. Baiskeli za makala zilikuwa zikiingia mjini, moja nyuma ya nyingine, zimelemewa, wenyewe wakining'inia kwenye usukani kuzuia mteremko. Na kwa upande wa pili zilikuwa zikirudi, tupu, wenyewe wakiendesha na kuimba.

Zilizojaa zinashuka. Tupu zinapanda. Alizitazama robo saa nzima, na hakuna hata moja iliyofanya kinyume.

"Mujinga miye," Kabamba alisema kwa sauti, na mama mmoja muuza ndizi akamwonea huruma.

Alhamisi, saa tisa alasiri, alifika kwa Mama Clotilde na Georges, aliyemtoa mahabusu kwa saa moja, nyuma yake. Hadassa na Jean-Claude walikuwa wamewekewa miadi. Mama alikuwa kwenye kiti chake, chini ya picha ya Tshimanga aliyeegemea Alfa kwenye ukingo wa bwawa. Hadassa alipomwona fundi aliruka.

"Inspecteur! Tulisemezana nini? Si hapa!"

"Ni hapa," Kabamba alisema. Alivua kofia. "Tangu lundi nimeuliza kila muntu. Nimeuliza Georges, nimeuliza beye batoto wawili, nimeuliza hata muntu wa masufuria. Kumebakia mumoja tu, na hakuna mwenye alimuuliza, hata miye."

"Tension yake!" Hadassa alinong'ona, macho yamemtoka.

Kabamba alimwinamia mzee. "Mama, moteur ya Papa Tshimanga iko wapi?"

Mama Clotilde alivuta pumzi ndefu, na uso wake, badala ya kuanguka, ukafunguka.

"Aa," alisema. "Leo mwenye kuniuliza amefika."

"Mama?" Jean-Claude alisema.

"Sema namna ulijua, papa. Nataka kusikia."

"Pale moteur ililala niliona vumbi ya makala, na Georges hapikaki mu garage. Cadenas ilifunguliwa na clé, na clé zilikuwa mbili. Ya pili, nafikiri, iko pale mu pembe ya kitenge yako. Dimanche asubuhi, batoto yako bameenda, vélo mbili zilitoka mu ville na magunia, wakakataa kuuza, wakashika njia ya Mwadingusha. Makala inatoka Mwadingusha inakuya Likasi, Mama. Sijaona hata siku moja makala inarudi kwao. Na Mwadingusha iko Carlos."

Mama Clotilde alifungua fundo la kitenge, akaweka ufunguo wa shaba mezani.

"Bloc mu gunia moja, culasse mu ingine, makala juu. Nilitoka misa ya kwanza, nikawafungulia miye mwenyewe, nikafunga. Carlos alinitumia habari juzi, mardi: imefika muzima."

"Lakini Mama, juu ya nini?" Hadassa alikuwa karibu kulia. "Ungesema tu!"

"Niseme kwa nani?" Sauti ya mzee haikupanda, lakini ilikuwa na makali. "Vendredi mulibishana mu hii salon, miye niko pale nachambua sombe. Toyota, Italie, électronique. Mulisema mpaka mukachoka. Hakuna hata mumoja aliniuliza: Mama, weye unasema nini? Ile gari alininunulia miye. Miye njo nilikaa pembeni yake kila dimanche mpaka ku barrage. Halafu weye unaiuza kwa muzungu aiweke mu vitrine, nyuma ya kioo."

"Ilikuwa surprise!" Hadassa alilia sasa, waziwazi. "Siku ya miaka makumi munane, nilitaka nikupeleke Mwadingusha mu ile gari. Nilitaka moteur yenye haitatuacha mu njia, Mama. Njo maana!"

Mama alimgeukia binti yake. "Surprise," alisema polepole. "Na miye nilifanya yangu, nikangojea. Lundi nilisema, leo batakuya kuniuliza. Hapana. Mardi, hapana. Huyu Inspecteur alikuya, akasema ni kusalimia tu. Basi nikaona: moteur ya bwana yangu imetoka, na hakuna muntu iliuma roho. Mulikula, mulicheka, mulinipa dawa. Hiyo njo iliniumiza, Hadassa. Si Toyota."

Hadassa na Jean-Claude walitazamana. Walikuwa wamecheka kwa siku nne ili asijue kwamba walikuwa wakilia.

Ndipo macho ya mzee yalipoanguka miguuni mwa Georges.

"Georges. Juu ya nini viatu yako haina kamba?"

Georges aliangalia chini. Mama Clotilde alikuwa amezaliwa Likasi na kuzeekea Likasi; alijua mahali wanapotoa watu kamba za viatu.

"Siku ngapi?"

"Ine, Mama. Si kitu."

"Siku ine mu cachot, juu yangu! Na beye batoto yangu wanajua, na wananiwekea chai!" Alisimama bila kusaidiwa, akavuka chumba, akamshika fundi mikono yote miwili, ile mikono mieusi. "Nilikukasirikia, mutoto yangu. Nilisema, Georges mwenyewe njo alishika bibana, spana zake, akaitosha mu gari. Kama ningalijua wako wanakufunga, ningekuya kwa magoti mpaka ku police. Unisamehe."

"Nililia wakati naitosha, Mama."

"Najua. Walinielezea."

Hadassa alipiga magoti mbele ya fundi, akalia hadi Jean-Claude akamwinua. Kabamba alifunga jalada pale pale. Mwenye mali hawezi kujiibia. Kisha, kwa kuwa hakuna sheria inayokataza, naye alimwomba Georges msamaha. Georges alifikiri kidogo.

"Nirudishie kwanza kamba zangu."

Jumapili iliyofuata, Hadassa alisimama mbele ya soko lote la Kikula akamtangaza Georges kuwa mtu safi, kwa sauti ile ile aliyomshtakia, na wateja wakarudi. Injini ya Toyota ilikwenda kwenye gari lake la mizigo. Muzungu wa Lubumbashi aliambiwa pole. Georges na Carlos walifanya kazi miezi mitatu kwenye karakana ya bwawa, wakichonga walichokosa. Waliweka umeme mpya na breki za nguvu. Bloku ilibaki ile ile. Mama alikubali breki baada ya kuulizwa, na aliulizwa kila kitu, hata rangi ya viti, mpaka akachoka kuulizwa.

Siku aliyotimiza miaka themanini, Georges alishika usukani, Mama akakaa pembeni yake, Hadassa na Kabamba wakabanwa nyuma, magoti yakigusa masikio. Jean-Claude alifuata na gari la mizigo, endapo. Waliianza barabara ya Mwadingusha. Watoto kando ya njia waligeuka kabla ya kuiona. Penye mlima wa kwanza Georges alibadilisha gia mapema, taratibu, kama fundi anayependa kazi yake.

Mama Clotilde alikuwa amefumba macho.

"Moteur ni yenyewe," alisema. Akapapasa dashibodi. "Muguu ya bwana yangu njo haiko."

Hadassa aliweka mkono begani kwa mama yake. Georges alisafisha koo.

"Mama, alikuwaka anafanya namna gani?"

Mzee alifungua macho. Mlima wa pili ulikuwa mbele yao, mrefu, mwekundu kwa vumbi. Aliweka mkono wake juu ya mkono wa Georges, juu ya gia.

"Kanyaga. Usiguse bado."

Injini ilipanda, ikaanza kulia.

"Bado."

"Mama, tension!" Hadassa alipiga kelele.

"Bado, nasema!"

Alfa ililia kama ilivyolia zamani, na Inspekta Kabamba, baba wa watoto watano, akajikuta analia nayo kwa sauti nyuma kule bila aibu yoyote. Mama Clotilde alikuwa ameinamisha kichwa, akisikiliza kitu ambacho wao hawakukisikia.

"Sasa," alisema, na wakashusha mkono pamoja.